Kabla ya sindano nyingine, mjue mdudu aliyeingia mgongoni

Karibu kila mtu mzima anayefanya kazi ya nguvu ana habari ya mgongo. Wabeba mizigo wa sokoni, madereva wa bodaboda, akina mama wanaoinamia beseni la nguo tangu alfajiri, walimu wanaosimama kutwa: wote hupita kwenye chumba chetu cha fiziotherapia, na wengi wao shida yao ni misuli na viungo vilivyochoka. Tunawapa mazoezi, tunawafundisha namna ya kuinua mzigo, na baada ya wiki chache wameshasahau. Leo nataka kuandika juu ya yule mmoja aliyekaa nao kwenye benchi lile lile, analalamika maumivu yale yale, lakini ndani ya pingili zake kuna bakteria wanaokula mfupa.

Huyu mara nyingi namtambua kwa usiku wake. Mgongo wa kazi hutulia mtu akijinyoosha kitandani. Mgongo wenye maambukizi hautulii. Mtu hulala ameketi, ameegemea ukuta, na ifikapo saa tisa usiku anatembea ndani akisubiri adhana. Ukimgonga polepole kwa ngumi juu ya pingili moja moja, unafika mahali anaruka. Ukidondosha kalamu chini ukamwomba aiokote, anachuchumaa na mgongo umenyooka wima, hataki kuinama hata kidogo. Amekonda, na suruali inamkaa kwa msaada wa mkanda uliotobolewa tundu jipya. Homa anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huambiwa "huna homa, kwa hiyo si vimelea", na ukweli ni kwamba katika maambukizi ya usaha ya pingili, karibu nusu ya wagonjwa hawana homa wanapofika hospitali.

Baada ya hapo namuuliza maisha yake. Ana kisukari? Anasafishwa damu kwa ajili ya figo? Amewahi kulazwa na kuwekewa mpira wa mkojo au mrija wa mshipani? Alikuwa na jipu lililochelewa kupona? Anaishi na VVU? Nyumbani kuna mtu anatumia dawa za TB? Anafuga, anakunywa maziwa mabichi, amesaidia ng'ombe au mbuzi kuzaa? Kwa mtoto au kijana, ana selimundu? Maswali haya hayachukui dakika tano, na kila moja linaelekeza kwa mdudu wake.

Bakteria kwa kawaida hufika mgongoni kwa damu. Anaweza kutoka kwenye jipu la ngozi, kwenye njia ya mkojo, kwenye jino bovu au kwenye pafu. Pingili ni mifupa yenye damu nyingi, na kwenye kingo zake, pale inapokutana na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, mishipa ni midogo na damu huenda taratibu, hivyo mdudu anapata pa kutua. Diski ya mtu mzima yenyewe haina mishipa ya damu, ndiyo maana askari wa mwili na hata dawa huifikia kwa shida. Maambukizi yakianza kwenye ukingo wa pingili moja huvuka diski na kuingia pingili ya jirani, na picha inayoonekana mara nyingi ni pingili mbili zilizoharibika zikitazamana.

Wadudu hawafanani tabia. Stafilokoka, yule yule wa majipu, ndiye mshukiwa wa kwanza katika maambukizi ya usaha. Anapenda kiuno, anakwenda kasi, na ana vimeng'enya vinavyoyeyusha diski mapema. Bakteria wa kifua kikuu hana haraka. Hupenda zaidi sehemu ya mgongo iliyo nyuma ya kifua na pale kifua kinapokutana na kiuno, hukaa miezi bila kelele, na kwa kuwa hana vimeng'enya vya namna ile, diski huweza kubaki salama muda mrefu huku mifupa ya juu na chini yake ikiliwa. Husambaa chini ya kano ndefu zinazofunika pingili, hivyo unaweza kukuta pingili kadhaa zimeguswa. Upande wa mbele wa pingili hulainika na kubonyea kama tofali bichi lililonyeshewa, mgongo unainama mbele, na nyuma kunachomoza kibyongo. Brusela, bakteria anayetoka kwa mifugo na maziwa mabichi, naye hupenda chini kabisa kiunoni na huwa mpole kwa mfupa, lakini maumivu yake si mapole hata kidogo. Kwa wenye selimundu, salmonela, bakteria mwingine, ni jina ambalo daktari lazima alifikirie.

Nimwelezee mzee mmoja, fundi seremala. Nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane, ila ugonjwa wake ni huo huo. Aliletwa na mke wake, mkono mmoja begani kwake na mwingine kwenye fimbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Mgongo umeanza lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Kwanza wakasema UTI. Halafu taifodi. Sasa wanasema ngiri."

Mke wake akafungua mfuko wa plastiki uliojaa vichupa na makasha matupu: seftriaksoni, diklofenaki, siprofloksasini, na vidonge vingine vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina. Kila alipochomwa sindano alipata nafuu siku mbili tatu, kisha usiku ukarudi kuwa ule ule. Kuhusu ngiri, ni kweli alikuwa na uvimbe kinenani, laini, usiouma sana na usio na joto. Alikuwa tayari amepewa tarehe ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri mahali fulani.

Kwa yeyote anayehudumia wagonjwa, uvimbe wa namna ile pamoja na mgongo unaouma usiku unatosha kusimamisha kila kitu. Usaha wa TB ya mgongo hushuka ndani ya ala ya msuli mkubwa unaotoka kiunoni hadi paja, na hujitokeza kinenani, mbali kabisa na unakotoka. Haumpi mtu joto wala wekundu kama jipu la kawaida, ndiyo maana madaktari huuita jipu baridi. Ni jambo la kale sana. Maiti iliyokaushwa ya Nesperehan, kuhani wa Amun huko Misri aliyeishi miaka kama 3,000 iliyopita, ilikutwa na kibyongo na jipu hilo hilo kwenye msuli huo huo. Wachunguzi waliielezea mwaka 1910.

Nilimpima nguvu za miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa unainuka kwa taabu, na magoti yakiruka mno ukiyagonga, dalili kwamba uti wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, unabanwa huko juu. Hapo kazi ya mazoezi ilisimama, nikampeleka kwa daktari siku ile ile.

Eksirei ya kwanza, iliyopigwa miezi nyuma, ilisomwa kuwa safi, na huenda ilikuwa safi kweli. Mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake, theluthi moja hadi nusu, kabla eksirei haijaonyesha chochote. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi, huonyesha usaha, huonyesha uti wenyewe umebanwa wapi, na ndiyo picha inayotakiwa pale shaka inapokuwepo. Ukoo ulichanga, mzee akapigwa MRI mjini: pingili mbili za chini ya kifua zimeliwa, diski kati yake bado inaonekana, na mfuko mkubwa wa usaha wenye ukuta mwembamba ukishuka hadi kinenani.

Hapa ndipo palipo na hoja yangu yote. Picha ile ilipiga kelele "TB", na angetokea mtu wa kusema tuanze dawa basi. Daktari alikataa. Alimchoma mzee sindano kinenani kwa kuongozwa na ultrasaundi, akavuta usaha, akaugawa: sehemu ikaenda kwenye mashine ya GeneXpert, sehemu ikaenda kuoteshwa maabara. Jibu la mashine lilirudi haraka: bakteria wa TB wamo, na rifampisini, dawa kuu ya TB, inawaua. Jibu hilo lina mambo mawili ambayo picha haiwezi kutoa, jina la mdudu na dawa inayomfaa. Kama wangekuwa sugu kwa rifampisini, mzee angemeza vidonge vya kawaida miezi mitano huku pingili zikiendelea kubomoka.

Panapokuwa hakuna uvimbe wa kuchoma kirahisi, daktari huchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima, kutoka kwenye pingili yenyewe kwa sindano nene akiongozwa na CT. Kinaogopesha kukisikia, lakini hufanyika kwa ganzi ya mahali pale tu. Na kabla ya kufika huko kuna kipimo kimoja rahisi kinachorukwa mno: kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa maabara kuona kama bakteria wataota. Zichukuliwe jozi mbili au tatu, kabla ya kuchomwa antibayotiki yoyote. Damu ikiotesha stafilokoka kwa mtu ambaye MRI yake inaonyesha pingili zilizoharibika, mara nyingi hakuna haja tena ya kinyama. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kwamba mwili unapambana na kitu, nazo hupanda, hazimtaji mdudu, ila hutusaidia baadaye kujua kama dawa inafanya kazi.

Ndiyo maana sindano za mtaani zinaniumiza moyo. Seftriaksoni ya siku tatu haimalizi maambukizi ya mfupa. Inachofanya ni kuwanyamazisha wadudu kwenye damu, ukija kuotesha chupa inabaki tupu, na daktari anabaki kubahatisha. Siprofloksasini na ndugu zake ni mbaya zaidi kwa upande wa TB, kwa sababu kundi hilo lina nguvu kiasi dhidi ya bakteria wa TB. Mgonjwa anapata nafuu ya uongo, utambuzi unachelewa, na wadudu wanaobaki wanaweza kujifunza usugu. Upo mtego mwingine ambao hata wahudumu hatuuzungumzii vya kutosha. Matibabu ya brusela hutumia doksisaiklini pamoja na rifampisini. Mfugaji mwenye TB ya mgongo akidhaniwa ana brusela na kupewa mchanganyiko huo, kwa bakteria wa TB ni sawa na kupewa rifampisini peke yake, na hiyo ni njia ya kutengeneza TB sugu. Kipimo cha damu cha brusela kikiwa chanya kwa mtu aliyeishi na mifugo maisha yake yote hakitoshi kumaliza hoja.

Kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia, siku chache za kusubiri jina la mdudu ni salama na zina faida. Lakini kuna wasiosubiri. Miguu inayoishiwa nguvu, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo unaogoma kutoka au unaotoka wenyewe, homa kali yenye mwili kuzizima na kuchanganyikiwa: huyu anakwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na dawa huanzishwa mara tu baada ya damu kuchukuliwa. Usaha unaobana uti unaweza kumwondolea mtu miguu kwa saa chache.

Mdudu akishajulikana, matibabu huwa wazi kuliko watu wanavyodhani. Stafilokoka wa kawaida hupigwa kwa dawa za jamii ya kloksasilini au sefazolini za mshipani, na yule sugu kwa vankomaisini. Zamani wengi walitibiwa miezi mitatu. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio la wagonjwa 351 wenye maambukizi ya usaha ya pingili, wengine wakitibiwa wiki 6 na wengine wiki 12. Pande zote mbili takriban asilimia 91 walipona. Wiki 6 zinatosha kwa wengi, ilimradi hakuna jipu kubwa lililoachwa bila kutolewa. Brusela ya mgongo huhitaji angalau miezi mitatu.

TB inahitaji subira ya namna nyingine: dawa nne kwa miezi miwili, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi mingi inayofuata. Kwa mifupa, madaktari wetu mara nyingi huufikisha mwaka mzima. Nchini Tanzania dawa hizi hutolewa bure. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na hilo lisimtishe mtu. Macho kuwa ya njano, au rangi nyekundu na kijani kuanza kuchanganyikana, ni mambo ya kurudi kliniki haraka. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, huongezewa dozi iwe mara mbili kwa siku kwa sababu rifampisini huipunguza nguvu, na mwanamke anayetumia vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango anahitaji kuongea na muuguzi juu ya njia nyingine.

Mzee wangu alipoambiwa ni TB alishtuka. "Mimi sijakohoa hata mara moja. TB imetoka wapi?" Nyumbani walishamtengea sahani na kikombe. Ilibidi mke wake na wanawe waje tuketi pamoja. Mdudu aliingia kwa hewa pengine miaka mingi iliyopita, akakaa kimya mwilini, akaamkia mgongoni. Makohozi yake yalipimwa yakawa safi, na TB iliyo ndani ya mfupa haimwambukizi anayekula naye. Wajukuu walirudi kukaa mkekani kwake jioni ile, na naamini hilo lilimsaidia kumeza vidonge kuliko maneno yangu.

Swali lililofuata lilikuwa la upasuaji, kwa sababu watu wengi wanaamini mgongo ulioharibika lazima ufunguliwe. Percivall Pott, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London, aliyeeleza kupooza kwa wenye kibyongo mwaka 1779, alitibu kwa kufungua vidonda vya usaha pembeni ya kibyongo, maana Robert Koch hakumtangaza bakteria wa TB hadi tarehe 24 Machi 1882. Katikati ya karne ya 20, wapasuaji Hodgson na Stock wakiwa Hong Kong walianza kuingia kwa upande wa mbele, kusafisha mfupa uliooza na kuziba pengo kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kazi ya kipaji kikubwa. Lakini majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huko Masan na Pusan, Korea, ndiyo yanayonigusa mimi zaidi. Masan walilinganisha waliolazwa kitandani miezi 6 na waliotibiwa wakitembea. Pusan walilinganisha waliovikwa koti la plasta miezi 9 na wasiovikwa. Waliomeza dawa wakitembea walipona vizuri sawa na wenzao. Huko Varanasi, India, mpasuaji Tuli alifuata njia ya kati: dawa kwa wote, kisu kwa wanaokihitaji. Hao ni wale ambao miguu inazidi kudhoofu ingawa wanatumia dawa, mgongo usioshikilia uzito, kibyongo kinachoongezeka, au jipu kubwa. Kwetu kazi hiyo hufanyika mahali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na inafanyika vizuri.

Mzee hakupasuliwa mgongo. Usaha ulivutwa, dawa zikaanza, akavalishwa mkanda mgumu wa kushikilia mgongo. Kazi yangu ikawa kulinda miguu yake wakati dawa inamfungulia uti. Tulimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo, tulinyoosha vifundo visikakamae, tukamsimamisha kwenye vyuma, kisha tukampa gongo la kutembelea. Katika TB kinachobana uti mara nyingi ni usaha na nyama ya uvimbe ambavyo dawa huviyeyusha, kwa hiyo hata aliyepooza anaweza kutembea tena. Nimewaona. Sitamwambia mtu wa namna hiyo kwamba miguu yake imekwisha.

Hatari kubwa ilikuja miezi miwili baadaye, maumivu yalipoisha. Mzee akataka kurudi kwenye randa lake na kuacha vidonge. Tanzania ina historia ya kujivunia hapa: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, pamoja na daktari Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuwafuatilia wagonjwa hadi dozi ya mwisho, na mfumo huo ukawa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza miaka ya 1990. Kwa mzee wetu mfumo huo ulikuwa binti yake, aliyeandikwa kwenye kadi kuwa msimamizi wake wa dawa na hakumruhusu kuruka hata siku moja. Alimaliza mwaka.

Watoto wanahitaji neno la peke yake. Mtoto akipona TB ya mgongo, kibyongo chake kinaweza kuendelea kukua kadiri anavyorefuka, hata wadudu wakiwa wamekwisha kabisa, kwa sababu upande wa mbele ulioliwa haukui sawa na wa nyuma. Kadi ya TB ikifungwa, kliniki ya mifupa isifungwe. Aonekane kila mwaka, apigwe eksirei ya mgongo kutoka upande, mpaka amalize kukua.

Kama mgongo wako au wa mtu wako unauma zaidi usiku na umepita wiki kadhaa, nenda na mfuko wa dawa zote ulizotumia, hata makasha matupu, pamoja na tarehe ya sindano ya mwisho. Mwambie daktari kuhusu jipu la mwaka jana, kisukari, maziwa mabichi na ndugu aliyekuwa na TB. Ukiambiwa unaanzishiwa antibayotiki, uliza kwa heshima: "Damu ya kuotesha imeshachukuliwa?" Ukikuta hospitali hiyo haioteshi, omba rufaa ukiwa bado unatembea.